Kadi Mkononi, Maelezo Hakuna: Mama Mjamzito Wakati wa Korona



Upo usemi tuliouzoea mno masikioni mwetu hata hatuuchunguzi tena. Mama mjamzito asipofika kliniki, husemwa kwamba hana uelewa. Akifika amechelewa, hana uelewa. Akijifungulia nyumbani, hana uelewa. Usemi huu hutoka vinywani mwa viongozi wa serikali na wa mashirika, na hatuna budi kukiri kwamba hutoka hata vinywani mwetu sisi tuliojitwalia kazi ya kutetea haki za wanyonge. Katika kurasa hizi twataka kuuliza swali moja: uelewa huo aliotakiwa kuwa nao mama wa Lingeka mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, alipewa na nani, lini, na kwa lugha gani?

Twauliza leo, ingawa Shirika la Afya Duniani lilikwisha kutangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba hali ya dharura ya ugonjwa huo imekoma, kwa kuwa magonjwa ya mlipuko hayajaagana nasi. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa huko Bukoba, mkoani Kagera. Januari 2025 ulitangazwa tena, safari hii Biharamulo, na Machi mwaka huohuo ukatangazwa ugonjwa wa mpox. Kagera na Simiyu ni mikoa ya ziwa moja, na wachuuzi wa samaki na wa ng'ombe hawaulizi mipaka. Mlipuko mwingine utakuja, na siku utakapokuja watakuwapo wanawake wenye mimba. Inafaa tujue tuliwatendea nini mara iliyopita.

YALIYOSIKIKA NA YALIYONYAMAZIWA

Tukumbuke mfululizo wa mambo, maana wengi wameanza kuusahau. Tarehe 16 Machi 2020 alitangazwa mgonjwa wa kwanza nchini Tanzania. Kesho yake shule zikafungwa. Watu wakaambiwa wanawe mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni, waache kupeana mikono, wakae mbalimbali, waepuke misongamano isiyo ya lazima. Nyumba za ibada na masoko havikufungwa, na siku tatu za Aprili, tarehe 17 hadi 19, zilitengwa kwa maombi ya taifa zima. Kisha ukaja ukimya. Mwanzoni mwa Mei hesabu za wagonjwa zilikoma kutangazwa, zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21. Rais John Magufuli alivitilia shaka hadharani vipimo vya maabara, na tarehe 8 Juni akatangaza kwamba ugonjwa umeondolewa kwa maombi ya Watanzania. Julai zikatoka kanuni zilizokataza kutangaza mtandaoni habari za mlipuko wa ugonjwa wa kuambukiza pasipo idhini ya mamlaka husika.

Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilitoa waraka wa kuonya juu ya wimbi jipya. Mwanzoni mwa Machi, Katibu Mkuu wa Baraza hilo, Padre Charles Kitima, alieleza kwamba katika muda wa miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki dunia. Rais Magufuli mwenyewe alitangazwa kuwa amefariki tarehe 17 Machi, na ikatajwa kuwa ni kwa maradhi ya moyo. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo kwa kuchanjwa mbele ya kamera.

Hesabuni, ndugu. Toka Machi 2020 hadi Julai 2021 ni miezi 16. Katika muda huo mwanamke aweza kuzaa na kushika mimba nyingine. Mama yuleyule basi aliambiwa kwamba ugonjwa upo, kisha haupo, kisha upo tena na dawa yake ni sindano. Hakuna aliyemrudia kumweleza kwa nini maneno yalibadilika. Hata jina la ugonjwa lilibadilika. Mwaka 2020 ulikuwa korona, na mwaka 2021 matangazo yakaanza kusema UVIKO-19. Tumekutana na wazee waliodhani kuwa hayo ni magonjwa mawili, na hatuwacheki, kwa maana hata sisi tulichelewa kulizoea jina hilo.

Katikati ya hayo palikuwa na nyungu. Watu walihimizwa na wakubwa kujifukiza, na nyumba nyingi zikawa zinachemsha majani, tangawizi na malimao. Je, mama mwenye mimba ajifunike blanketi juu ya chungu cha mvuke? Hilo ni swali la wazi la jikoni, ambalo kila mamamkwe angeliuliza. Mvuke wa moto huunguza na huleta kizunguzungu, na joto la kupita kiasi mwilini halifai kwa mimba, hasa katika miezi ya mwanzo. Hatukumbuki kulisikia likijibiwa katika tangazo hata moja. Waliohimiza walisema na taifa zima, na katika taifa zima mjamzito hakuonekana.

HESABU ALIYOIFANYA MAMA

Sasa tumfikirie mama mmoja. Hatumtaji jina, kwa kuwa yeye ni wengi. Anakaa Lingeka, upande wa Bariadi, katika mkoa wa Simiyu uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga. Ni nchi ya pamba, mtama na ng'ombe. Mwezi wa Mei 2020 mimba yake ina miezi mitano, na pamba imeanza kupasuka shambani. Fedha ya pamba ndiyo itakayonunua glovu, wembe, pamba ya dukani, mpira wa kutandika na kibanio cha kitovu, maana mama huambiwa aende na vifaa hivyo siku ya kujifungua, ingawa toka miaka ya 1990 sera ya nchi yasema kwamba huduma kwa wajawazito hazilipiwi. (Mkulima wa pamba kwenda dukani kununua pamba ya kujifungulia ni jambo ambalo peke yake lingetosha makala nyingine.)

Mama huyu alikwisha kwenda kliniki mara moja. Alipewa kadi. Tarehe ya kurudi imeandikwa, na imefika. Aende, au asiende?

Ameambiwa aepuke misongamano, naye anajua kwamba siku ya kliniki ni msongamano: akina mama wamebanana juu ya benchi toka alfajiri, na watoto wanakohoa. Ameambiwa avae barakoa, nayo hainunuliwi kwa maneno. Amesikia kwamba anayekohoa mbele ya mganga huchukuliwa akatengwa, na kwamba akifa huzikwa na watu wasio ndugu zake. Upande mmoja wa mzani wake umejaa. Upande wa pili anaweka nini? Anaweka kile anachokijua juu ya kliniki, nacho ni kadi. Na kadi anayo tayari.

Kwa hiyo habaki nyumbani kwa ujinga. Amepima kwa mawe aliyopewa. Kama upande mmoja wa mzani uliachwa mtupu, wa kuulizwa ni yule aliyepaswa kuujaza.

Hatusemi kwamba akina mama wote waliacha kwenda. Wengi walikwenda, wakiwa wamefunga kanga puani, na wengi walizalishwa salama na wauguzi waliokuwa na hofu kuliko wao. Tunamsema yule aliyebaki, kwa kuwa yeye ndiye aliyeitwa asiye na uelewa.

KADI NA MAANA YAKE

Tumekaa mara kadhaa na akina mama wa vijiji hivyo, katika kivuli, kazi za asubuhi zikiwa zimepungua, tukawauliza wanakwenda kliniki kufanya nini. Jibu la kwanza karibu kila mara ni kuchukua kadi. Na kadi ni ya nini? Usipokuwa nayo utagombezwa siku ya kujifungua. Bibi mmoja aliyekuwa akichambua mboga pembeni, ambaye hatukuwa tumemwuliza, alitwambia: "Wanangu, mimi nilipimwa tumbo, nikachomwa sindano, nikapewa vidonge. Sindano ya nini sikuambiwa, wala sikuuliza. Anayeuliza huambiwa anajua sana." Akina mama wengine wakacheka, na katika kicheko hicho tulisikia kwamba mambo hayajabadilika sana toka ujana wake.

Tazameni basi jinsi jambo lilivyo. Kliniki ya wajawazito ni moja ya kazi nzuri kuliko zote zifanywazo na serikali na taasisi za dini katika nchi hii. Lakini kwa mama mwingi imebaki kuwa ofisi ya kutoa hati. Anajua kwamba anapimwa. Hajui anapimwa nini. Hajui kwamba mkanda unaofungwa mkononi na kujazwa upepo unatafuta presha, na kwamba presha ya mimba ni adui asiyebisha hodi. Mama aweza kuwa nayo akalima, akapika, akacheka, asisikie lolote, hata siku kichwa kinapomwuma sana, macho yanaingia giza, uso na mikono inavimba, kisha anaanguka na degedege. Hicho ndicho kifafa cha mimba. Si pepo wala laana ya ukoo wala kosa la uzinzi, na dalili yake ya mapema yaweza kuonekana kwa mkanda ule na kwa kupima mkojo. Mama aliyeambiwa hivyo mara moja, kwa Kisukuma, na mtu asiye na haraka, ana jiwe zito la kuweka katika upande wa pili wa mzani.

Hajui pia kwamba vidonge vitatu anavyomezeshwa palepale mbele ya muuguzi ni kinga ya malaria, na kwamba malaria ya mjamzito hujificha katika kondo la nyuma, hata mama ajione mzima huku mtoto akinyimwa chakula tumboni. Mbu wa Simiyu hawakusoma tangazo la korona. Waliendelea na kazi yao mwaka 2020 kama mwaka uliotangulia. Hajui kwamba vidonge vya kuongeza damu ni akiba ya siku ya kuzaa, kwa sababu mama aliyeingia uchungu damu ikiwa haba hana cha kupoteza, na kutokwa na damu nyingi ni moja ya sababu kubwa zinazowaua akina mama wakati wa uzazi. Hajui kwamba sindano ile ya begani humkinga yeye na mtoto na pepopunda, ambayo huwaingia watoto wachanga kwa kitovu kilichokatwa kwa kisu kichafu. Na yule aliyepimwa akakutwa na virusi vya Ukimwi, akaanzishiwa dawa, pengine hajaelezwa vya kutosha kwamba mwezi mmoja wa kukosa dawa kwa kuogopa korona waweza kumgharimu mtoto wake maisha yote.

Mambo haya hayahitaji elimu kubwa kuyaelewa. Tumeyaeleza hapa kwa mistari michache. Mama ajuaye mwezi wa kupanda pamba na mwezi wa kuichuma, ajuaye ng'ombe yupi ana mimba kwa kumtazama tu, hashindwi kuelewa kwa nini apimwe presha. Hakuambiwa tu.

Na pengo hili lilikuwapo kabla ya korona. Korona ililifunua tu, kama mvua kubwa inavyoonyesha nyumba iliyoezekwa vibaya. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wajawazito wapatao 65 katika kila 100 walihudhuria kliniki mara nne au zaidi. Waliobaki, yaani zaidi ya thelathini katika kila mia, hawakufika mara nne, na Shirika la Afya Duniani toka mwaka 2016 linapendekeza mara nane. Mwanamke wa Tanzania asiyekwenda kliniki hata mara moja ni nadra. Huanza, kisha huacha. Mtu huacha kitu ambacho hakuona faida yake.

HOFU NDOGO NA HOFU KUBWA

Badala ya kueleza, tumezoea kutisha. Katika baadhi ya vijiji vya nchi hii mama anayejifungulia nyumbani hutozwa faini. Penginepo mama anayefika kliniki mara ya kwanza pasipo mume wake hurudishwa, au hutakiwa alete barua ya mtendaji wa kijiji kuthibitisha kwamba mume hayupo. Nia ya mwanzo ilikuwa njema: akina baba nao wapimwe, nao wajue. Lakini mwanamke aliyeachwa, au ambaye mume wake yuko machimboni, au binti aliyepachikwa mimba na mtu asiyetaka kutajwa, anaanza safari yake ya uzazi kwa kwenda kueleza aibu yake ofisini kwa mtendaji. Na faini ya kujifungulia nyumbani humwangukia hata yule ambaye uchungu ulimshika usiku wa manane bila bodaboda. Kisha twashangaa kwamba akina mama huficha mimba hadi mwezi wa sita.

Sisi twaona kwamba hapa ndipo penye kiini cha yote. Huduma iliyojengwa juu ya hofu husimama mpaka ije hofu kubwa zaidi. Mama aliyekuwa akienda kliniki kwa kuogopa kugombezwa aliacha kwenda alipoanza kuogopa kufa. Mama aliyekuwa akienda kwa sababu anajua mkanda ule unatafuta nini, huyo alikuwa na sababu ya kuikabili hata hofu ya korona, akafunga kanga puani, akaenda.

Wapo watakaotujibu kwamba Tanzania haikuwafungia watu ndani, na kwa hiyo akina mama wetu walikuwa na nafuu kuliko wa nchi jirani. Kwa sehemu ni kweli, nasi hatuna haja ya kulikana. Uganda, Machi 2020, ilisimamisha usafiri wa umma na kisha magari ya watu binafsi, na mjamzito aliyetaka kupanda gari alitakiwa apate kwanza kibali cha mwakilishi wa Rais katika wilaya. Habari za wanawake waliokufa wakitembea kwa miguu kutafuta hospitali zilienea, hata mwezi Aprili Rais Museveni akaruhusu wajawazito wasafiri bila kibali. Kenya iliweka amri ya kutotoka usiku kuanzia tarehe 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, kana kwamba uchungu wa uzazi nao husikiliza saa. Daktari wa Nairobi, Jemimah Kariuki, alipoona wanawake wanafika wakiwa wamechelewa, alianzisha mpango ulioitwa Wheels for Life: mama alipiga simu bila malipo, akasema na daktari, na ikihitajika gari likamfuata usiku huohuo. Tunautaja mpango huo kwa sababu ulianza na mambo mawili, sauti ya mtu anayejibu maswali na kisha gari. Kwetu barabara zilikuwa wazi usiku kucha, lakini sauti ya kujibu haikuwapo.

Na mtu asidhani kwamba ukimya wa namna hii hauui. Wakati wa Ebola nchini Sierra Leone, mwaka 2014 na 2015, wanawake waliogopa hospitali kuliko nyumba zao, na hawakukosa sababu. Watafiti walikadiria baadaye kwamba vifo vya ziada vya akina mama, vya watoto wachanga na vya watoto waliozaliwa wafu, vilivyotokana na kupungua kwa huduma hizo, vilifikia angalau 3,600 katika mwaka mmoja. Ebola yenyewe iliua huko watu wapatao 3,950. Yaani kando ya kaburi la kila aliyeuawa na ugonjwa palikuwa karibu na kaburi la pili, la mama au mtoto ambaye ugonjwa haukumgusa.

TUSIWASAHAU WAUGUZI

Twaandika haya tukijua kwamba muuguzi wa zahanati ya kijijini naye aliachwa gizani. Alitakiwa awapokee watu asiojua wana nini, kwa glovu za kuhesabu na barakoa moja ya kuvaa siku nzima. Alipotangaziwa kwamba ugonjwa haupo, hakuweza tena kumwambia mama aketi mbali bila kuonekana mbishi. Akina mama wamesema nasi kwa uchungu juu ya muuguzi aliyesimama mlangoni akawauliza maswali bila kuwagusa matumbo, wakajiona kama wenye ukoma. Yamkini muuguzi huyo alikuwa na watoto nyumbani, akaogopa. Kama angesema maneno mawili tu, kwamba mama, nasimama mbali nisikuletee ugonjwa nawe usiniletee, jambo lote lingekuwa na sura nyingine. Lakini naye alifundishwa kutoa amri, hakufundishwa kutoa sababu. Tena siku ya kliniki ana akina mama wengi kupita nguvu zake.

Wala hatutaki kuonekana watu wasioona mema. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 556 katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Wanawake waliojifungulia katika vituo vya afya walipanda kutoka 63 katika kila 100 hadi 81. Hizo ni kazi za mikono ya watu, na wengi wao ni wauguzi haohao. Vituo vimejengwa, vyumba vya upasuaji vimefunguliwa hata mahali ambapo zamani mama aliyeshindwa kuzaa alilazwa juu ya baiskeli. Majengo yamekwenda mbele. Maneno ya kumweleza mama yamebaki nyuma.

YATUPASAYO

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha yake na kwa jamii. Hatujui tukio lililo muhimu kwa maisha ya mjamzito kuliko mlipuko wa ugonjwa unaoingia katika nyumba atakayozalia. Kwa hiyo kumweleza ni deni, na deni hilo haliishi kwa bango la Kiswahili cha ofisini lililobandikwa ukutani mbele ya mama ambaye hakusoma, au ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya sokoni na mahakamani. Simiyu husema Kisukuma nyumbani, na mambo ya tumbo husemwa kwa lugha ya nyumbani.

Deni hilo ni la serikali kwanza, nasi hatutaki kulipunguza kwa kulibeba sisi. Mlipuko ukitokea, hesabu zitangazwe, na zikibadilishwa sababu ielezwe. Katika kila tangazo pawepo sentensi kwa ajili ya mjamzito: je, kliniki iko palepale? Siku zimebadilika? Barakoa ni lazima, na asiye nayo atapewa au atarudishwa? Dawa hii au mvuke huu unamfaa? Ilipokuja chanjo mwaka 2021, swali la kwanza la wanawake wengi lilikuwa kama itawafanya wagumba au itatoa mimba. Sasa inajulikana kwamba haifanyi hivyo, na kwamba mjamzito aliyeugua korona alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzidiwa na ya kuzaa kabla ya wakati. Lakini jibu hilo liliwafikia wengi wakiwa wamekwisha kuamua, nao uvumi ulikuwa umefika mapema, kwa pikipiki.

Nao waume hawawezi kukaa kando. Twawaambia akina baba wa Lingeka, tena kwa heshima: kumsindikiza mke siku ya kwanza ili kadi itoke, kisha kutomwuliza neno hadi mtoto alie, huko si kusindikiza. Ninyi ndio mnaoamua pamba iuzwe lini na fedha iende wapi. Jueni basi mkanda ule unatafuta nini, ili siku mke atakaposema kichwa kinamwuma na macho yanaona giza, msimwambie alale kidogo. Na mamamkwe, ambaye neno lake nyumbani mara nyingi huzidi la muuguzi, naye aelezwe. Hakuna siku ya kliniki iliyomwalika.

Sisi wenyewe tulikuwa wapi? Tulikuwa na mikutano ya jumuiya kila wiki, tulikuwa na vipaza sauti, tulikuwa na watu wanaotuamini. Tuliweka ndoo ya maji yenye koki mlangoni, tukaona tumemaliza. Hatukumwita muuguzi hata mara moja asimame dakika kumi aseme na wajawazito kuhusu kliniki yao. Lilikuwa jambo jepesi, na hatukulifanya.

Mkutano mkuu wa kijiji, kwa taratibu za nchi hii, hukaa kila baada ya miezi mitatu. Twajua jinsi ajenda zinavyopangwa: mapato na matumizi, michango ya madarasa, ulinzi, mengineyo. Muuguzi wa zahanati, akihudhuria, hupewa nafasi katika mengineyo, jua likiwa limekwisha kuwa kali na akina mama wakiwa wameondoka kwenda kupika. Twaomba wenyeviti wa vitongoji na vijiji vya Bariadi wamtoe huko chini wamweke wa kwanza, kabla ya michango, kwa nusu saa, aseme kwa Kisukuma, aje na ule mkanda wa presha mkononi, aufunge mkono wa mwenyekiti mbele ya watu wote, aeleze unatafuta nini, kisha aulizwe maswali na asimwambie yeyote kwamba anajua sana.